Mguu wa Mume Wangu na Mafuta ya Mama Yake

Nilipoolewa sikujua kwamba mtu anaweza kuuonea wivu mguu. Nilidhani wivu ni wa wanawake wawili kugombea mwanamume mzima, toka kichwani hadi kwenye nyayo. Lakini mwaka wangu wa kwanza ukweni, huku Iramba, siku zile Mwingereza alipokuwa bado anatutawala, nilimgombea mume wangu kuanzia goti kwenda chini, tena mguu mmoja tu, na niliyegombea naye ni mama aliyemzaa. Namshukuru Mungu aliyenipa umri wa kuyacheka mambo hayo. Wakati ule sikucheka.

Mume wangu alikuwa kitinda mimba, na baba yake alikuwa amekwisha kufariki. Mama mkwe alikuwa na nyumba yake kubwa ya tembe, yenye kaka wa mume wangu, mke wake na watoto wao upande mmoja, na sisi upande wa zizi. Jiko lilikuwa moja, la mama. Mimi nilipika, lakini nilipika kwenye mafiga yake, kwa chungu chake, unga alioupima yeye kwa kata yake. Na mafuta yalikuwa yake. Tulisukasuka maziwa kwenye kibuyu kikubwa mpaka mikono ikafa ganzi, siagi ikatoka, ikayeyushwa, ikachujwa, na samli ikaingia kwenye kibuyu kidogo chenye shingo ndefu, kilichofungwa mdomo kwa ngozi ya mbuzi, kinachoning'inia juu ya kitanda cha mama. Kibuyu hicho alipewa na mama yake mzazi. Hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kukishika.

Jumapili asubuhi, tukishaoga kwa sabuni, tulijipanga mbele yake, wakubwa kwa wadogo, tukakinga viganja. Akammiminia kila mtu mafuta yake, tukajipaka uso, shingo, mikono na miguu, tukaenda kanisani tukiwa tunang'aa. Siku za kazi hatukujipaka. Mafuta yalikuwa ya Jumapili. Mke mgeni hakuwa na kibuyu. Alipewa chake akizaa mtoto wa kwanza, na kuanzia siku hiyo akawa mtu wa kumimina, si wa kukinga. Mke wa shemeji yangu alikuwa nacho tangu zamani, ila aliogopa kukitumia mbele ya mama. Mimi nilikuwa bado nakinga, na sikuruhusiwa kusahau.

"Nikuite nani?" mama mkwe alikuwa akiniambia. "Jina la kwenu silitumii, na mama wa mtu bado hujawa. Haya, wewe wa viganja, sogea."

Sasa mume wangu alikuwa akifundisha watoto kusoma katika shule ndogo ya kanisa letu, bila kusomea kazi hiyo, na wazee wa kanisa walikuwa wamempatia nafasi ya kwenda Kinampanda kusomea ualimu. Aliyeoa aliruhusiwa kwenda na mkewe. Tuliambiwa kwamba kila mume na mke wanapewa chumba, na nje ya chumba jiko dogo la udongo. Mimi nilikuwa nimefundishwa dini vizuri, nimebatizwa, nimepata kipaimara, nasoma Maandiko mwenyewe bila kusaidiwa. Hata hivyo nakiri kwamba msimu ule nililiwaza jiko lile la udongo kuliko nilivyoiwaza mbingu. Mafiga yangu. Chungu changu. Mume wangu anakula nilichompimia mimi.

Mama mkwe alijua. Alikuwa akinitazama nikifagia, akasema, "Unafagia kama mtu anayeaga."

Wakati wa mavuno, kisiki cha bua la mtama kilimchoma mume wangu kwenye muundi. Kilikuwa kijeraha kidogo sana. Alikipaka mate akaendelea na kazi. Baada ya muda kikavimba, kikafunguka, kikawa kile tunachoita donda ndugu, lenye kingo ngumu zilizoinuka na harufu inayomtangulia mtu mlangoni. Wengi siku zile walikuwa nalo, na wengine walizeeka nalo. Mama yake ndiye aliyelishughulikia. Asubuhi na jioni alikaa kwenye kigoda, akaupakata mguu ule kama mtoto mchanga, akauosha kwa maji ya majani aliyoyajua yeye, kisha akateremsha kibuyu na kupaka samli. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimama nimeshika kata ya maji.

"Sogea," aliniambia, "unaniziba mwanga."

Nikasogea. Nilimwona mume wangu amefumba macho, ameegemea ukuta, anaguswa na mikono ile iliyomjua tangu hajajua kutambaa, nami kifua kikawaka. Nilijiambia kwamba nasikitikia kidonda. Kidonda nilikisikitikia, ndiyo, lakini kilichowaka si huruma.

Kisha wazee wa kanisa wakatuma habari. Mwanafunzi lazima afike Kinampanda akiwa mzima, anatembea kwa miguu yake, kabla mvua hazijaanza. Asipoweza, nafasi atapewa mwingine. Jioni ile mama mkwe aliimba akiwa anakamua ng'ombe.

Mimi nikamwambia mume wangu twende zahanati ya misheni. Mama akasema safari itampasua mguu. Nikaazima punda kwa jirani. Mama akasema punda yule anang'ata. Tukaenda.

Dresa, mfunga vidonda wa zahanati ile, alikuwa mtu mzima, kaptula yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Aliwahi kwenda vitani Burma kama mbeba machela, na alipenda kulitaja jambo hilo. Aliufungua mguu, akanusa, akasema, "Haya, huyu tunamjua." Akakiosha kidonda mpaka mume wangu akauma kofia yake. Kisha akatoa kopo dogo la bati, ndani yake kitu cha njano hafifu kilicholainika kama siagi iliyoachwa juani.

"Hii ni marhamu ya penisilini," alisema. "Dawa hii huko vitani walikuwa wanapewa wazungu kwa sindano, sasa imefika mpaka kwetu kwenye kopo. Inaua vijidudu vinavyokula nyama. Anayemuuguza nani?"

"Mimi," nikasema, kabla mume wangu hajafungua mdomo.

"Chemsha maji, tia chumvi, yapoe. Osha. Kausha. Paka marhamu, kidogo tu, kisha funga kitambaa safi kilichochemshwa. Kila siku." Akaniwekea kopo mkononi.

Sijui kama wasomaji wangu wa leo, wenye makabati na funguo, wanaweza kuelewa. Kopo lile lilikuwa kitu cha kwanza katika nyumba ile kilichokuwa mkononi mwangu kwa haki. Nilirudi nyuma ya punda, jua kali, kopo nimelishika chini ya kanga, na nilikuwa na furaha kama mtu aliyepewa mbuzi.

Mama mkwe alikuwa anatungoja mlangoni.

"Hicho nini?"

"Dawa, mama."

Akalichukua, akalifungua, kifuniko akanipa. Akachota kwa kidole, akasugua kati ya vidole viwili, akanusa. "Haya ni mafuta."

"Ni dawa ya kidonda, mama."

"Nimeuliza, ni mafuta au si mafuta?"

"Ni mafuta yenye dawa ndani."

"Basi," alisema, "mafuta ya nyumba hii yanakaa kwangu."

Tukabaki tumesimama, yeye ameshika kopo, mimi nimeshika kifuniko. Mume wangu alikuwa bado juu ya punda, anaangalia masikio ya punda kama vile yameandikwa kitu. Nilimngoja. Tangu niolewe hakuwahi kusema neno kati yetu. Alikuwa mtu mpole, na upole wake siku nyingi ulikuwa upande wa mama.

"Mama," akasema hatimaye, "dresa amempa yeye."

Mama mkwe akanirudishia kopo. Akaingia ndani, akatoa kinu, akatwanga uwele mpaka giza likaingia, uwele ambao hakuna aliyeuhitaji.

Kuanzia hapo kigoda kikawa changu. Niliupakata mguu, nikaosha, nikakausha, nikapaka. Na kwa kweli dawa ile ilikuwa ya ajabu. Harufu ilikwisha upesi hata majirani wakaanza tena kukaa na sisi kuota moto. Usaha ukakauka. Chini ikaonekana nyama nyekundu, safi, inayopanda. Kisimani mama mmoja jirani alimwambia mama mkwe mbele yangu, "Mkamwana wako ana mkono mzuri."

"Mkono ni wa mzungu aliyetengeneza," mama mkwe akajibu, akajitwika mtungi.

Dresa aliniambia nipake kidogo tu. Lakini nilipaka nene, nikaeneza mpaka kwenye shavu la mguu na kifundo, mahali pasipo na kidonda kabisa. Niliona kwamba kila nilipopaka palikuwa pangu. Kopo la kwanza likaisha, dresa akanipa la pili kwa furaha, maana kidonda kilikuwa kinajifunga.

Hapo ndipo muwasho ulipoanza. Kwanza mume wangu alijikuna kidogo juu ya kitambaa. Kisha ngozi iliyozunguka kidonda ikawa nyekundu, ikatoa vipele vya maji, vikapasuka, vikachuruzika. Ukifungua kitambaa ulikuta kidonda chenyewe kinaendelea vizuri, lakini kando yake kumekuwa kama kumemwagiwa uji wa moto.

"Nilijua," mama mkwe akasema. "Mkono wa huyu una moto."

Mimi nilikuwa na mawazo yangu. Niliamini kwamba nikienda kisimani, yeye anafungua kitambaa na kupaka samli yake na majani yake, ili dawa yangu ionekane mbaya. Nikaanza kwenda kisimani mbio. Wanawake waliniuliza kama nyumba inaungua. Nilirudi nikihema, maji nusu mtungi, na kumkuta mama mkwe amekaa palepale nilipomwacha, anachambua kunde, ananitazama.

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu, mama."

"Mbona umerudi na nusu?"

Naye, nilikuja kujua baadaye, alikuwa akisimama nyuma ya mlango ninapopaka, kuona kama siitemei dawa mate au kuisomea maneno ya uchawi. Mume wangu alikuwa analindwa na watu wawili, na mguu unazidi kuharibika.

Tukarudi kwa dresa. Alitazama, akakunja uso. "Ugonjwa unatafuta njia ya pembeni," akasema. "Paka asubuhi na jioni." Nikapaka asubuhi na jioni, kwa moyo wote. Mguu ukavimba mpaka vidoleni, na mume wangu akaacha kulala. Mvua zilikuwa zinakaribia. Mawingu yalianza kukusanyika upande wa Sekenke kila alasiri, nami niliyatazama kama mtu anayetazama wadai wake wakija.

Siku tuliyorudi tena kwa dresa, kwa bahati, au niseme kwa rehema, sista mzungu aliyekuwa akizunguka kwenye zahanati za misheni alikuwa amefika na gari lake. Aliuinamia mguu muda mrefu. Hakugusa kidonda kabisa. Alifuata kwa kidole ukingo wa wekundu ule, akaniuliza kupitia kwa dresa nilikuwa napaka dawa mpaka wapi. Nikamwonyesha. Kidole changu na ukingo wa wekundu vilikwenda pamoja.

Akasema maneno mengi. Dresa akatueleza.

"Anasema kidonda kimeipenda dawa, lakini ngozi imeikataa. Wako watu wa namna hiyo. Mtu anapakwa dawa hii siku nyingi, mwili unaizoea vibaya, unaiona adui, basi popote inapogusa panawaka. Anasema acheni leo leo. Maji ya chumvi na kitambaa safi, basi, kidonda kilichobaki kitajifunga chenyewe." Akamsikiliza tena sista, akageuka kwa mume wangu na sauti yake ikawa nyingine. "Na anasema usikubali kamwe kuchomwa sindano ya dawa hii. Ngozi iliyoikataa, damu nayo itaikataa. Unaweza kubanwa koo ukafa palepale. Popote utakapougua, sema."

Kisha dresa akaniambia mimi, kwa chinichini, "Hata mimi nilikuwa sijaliona hili. Nilifikiri dawa ikizidi na kupona kunazidi."

Nilirudi nyumbani na kumwambia mama mkwe, "Dawa imekatazwa. Ngozi ya mguu imeikataa." Nikalichukua kopo, lililokuwa limebaki kama theluthi, nikalitupa kwenye jalala la majivu nyuma ya zizi. Mama mkwe alinisindikiza kwa macho tu mpaka kwenye jalala na kurudi.

Maji ya chumvi yalifanya kazi yake. Vipele vikakauka, uvimbe ukashuka, kidonda kikaziba, kikaacha kovu jembamba linalong'aa. Mume wangu akatembea mpaka kisimani na kurudi, akacheka. Nikaanza kukusanya vitu vyetu: mkeka, vyungu viwili vya kwetu, blanketi. Mvua ya kwanza ilikuwa bado.

Jumapili hiyo, ya kwanza yeye kujipaka na kwenda kanisani tangu mguu uharibike, mume wangu alisimama mbele ya kanisa kusoma somo. Alikuwa mzuri, amepakwa, anang'aa. Mahubiri yalipofika katikati nikaona kope zake zinavimba. Ilipofika sala ya mwisho macho yalikuwa mistari miwili, na shingo na mikono imekuwa myekundu, imejaa vipele. Watu walioketi benchi la mbele walisogea. Nilimsikia mzee mmoja akimwambia mwenzake, "Ukoma huanza usoni."

Neno lile lilitembea upesi kuliko sisi. Tulipofika nyumbani lilikuwa limekwisha kufika. Katikati ya juma uso ukatulia, tukamshukuru Mungu. Jumapili iliyofuata ukavimba tena, vibaya zaidi. Wazee wakaja, wakakaa, wakanywa togwa, wakasema kwa huruma kwamba hawawezi kumpeleka mtu mwenye uso ule akalale na wanafunzi wenzake mpaka ijulikane ni nini. Watangoja Jumapili moja zaidi. Baada ya hapo nafasi itakwenda kwa mwingine.

Hapo nyumba yetu ikawa na moto wa pande mbili. Mama mkwe alisema ni sabuni yangu. Nikaacha sabuni. Akasema ni mlenda wangu, naukausha vibaya. Akasema kwetu kuna mtu mwenye jicho. Mimi sikusema, maana nilifundishwa kumheshimu mzazi, lakini nilifikiri mambo makubwa zaidi ya hayo. Niliona mwanamke ambaye hataki mwanawe aondoke, na mwana ambaye kila akikaribia kuondoka anaugua. Usiku nilipiga magoti nikaomba Mungu amponye mume wangu kwa mkono wangu. Niliona ni sala nzuri kabisa.

Jumamosi kabla ya Jumapili ile ya mwisho, nikiwa nachochea moto, wazo likanijia kwamba uso unavimba siku ya Jumapili tu. Na Jumapili tunafanya nini ambacho Jumatatu hatufanyi? Sabuni tulikwisha kuiacha. Lakini sisi sote tulikinga viganja chini ya kibuyu kimoja, watoto wote walijipaka mafuta yale yale, na hakuna hata mmoja aliyewashwa. Kwa hiyo wazo lenyewe halikukamilika. Nikasema tu, "Mama, kesho asijipake."

Aligeuka polepole. "Asijipake?"

"Tujaribu, mama. Kesho tu."

"Aende kanisani amepauka kama jivu? Watu waulize kama mama yake amekufa?"

"Heri waulize hivyo kuliko kuuliza juu ya ukoma."

"Kumbe!" Alisimama. Mume wangu alitoka chumbani, shemeji na mke wake wakasogea mlangoni, maana sauti ya mama ilikuwa imepanda. "Kumbe mafuta yangu ndiyo mabaya! Wewe ndiye unayejua kuuguza! Wewe uliyechukua dawa ya mwanangu, dawa iliyomponya, ukaitupa kwenye jivu kama kinyesi cha kuku! Mafuta yanatupwa? Umeona wapi mtu anatupa mafuta? Njaa ile iliyotukuta sisi ungeiona, usingetupa hata yaliyobaki kwenye kidole. Mimi ndiye niliyeliokota kopo! Nimelikwangua kwa kijiti mpaka bati likalia, nikatia yote humu." Akaonyesha juu, kwenye chumba chake, kibuyu kilikoning'inia. "Na kila Jumapili namtibu mwanangu kimya kimya, na wewe unajigamba mguu ulipona kwa maji ya chumvi!"

Kuni ilipasuka motoni.

Nitaeleza lililonijia kwanza, kwa sababu nimeishi nalo miaka mingi: nilishinda. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza. Kisha nikamwona yeye. Alikuwa ametazama uso wa mwanawe, halafu wa shemeji, halafu wangu, akajua kwamba amesema jambo ambalo hakulijua uzito wake.

"Mama," mume wangu akasema taratibu, "ndiyo hiyo dawa. Ndiyo inayonivimbisha."

"Mliniambia ngozi ya mguu imeikataa," alisema. "Uso haukusema kitu."

Akakaa kwenye kigoda. Mke wa shemeji alianza kucheka, akajifunga mdomo kwa kanga, akakimbilia nje.

Kesho yake mume wangu alikwenda kanisani amepauka, magamba mikononi, midomo mikavu, mzuri kuliko alivyopata kuwa. Uso haukuvimba. Wazee walimgeuza huku na huku kama ng'ombe wa mahari, na dresa, aliyeitwa, akawaeleza habari ya ngozi na marhamu kwa fahari kama vile yeye ndiye aliyeigundua. Nafasi ikabaki yetu.

Ila kibuyu kilikuwa kimekwisha kuharibika. Kibuyu hunywa mafuta. Ukikiosha kwa maji ya moto na majivu, bado kinatoka jasho la mafuta ya mwaka jana. Mama mkwe alijua hilo kuliko mtu yeyote. Alimmiminia mwanawe mkubwa samli yote akalainishe kamba za ngozi za ng'ombe. Kibuyu chenyewe, kilichotoka kwa mama yake, alikikausha juani siku nyingi, kisha akatia mbegu za uwele ndani yake. Hakulia mbele yangu. Kwa muda mrefu hakuwa na mafuta ya kumimina, na Jumapili sote tulikwenda kanisani tumepauka, ukoo mzima.

Siku ya kuondoka aliniita chumbani kwake. Aliniwekea mkononi kibuyu kidogo kipya, kimekatwa mdomo vizuri, ndani bado kinanukia boga.

"Sijazaa, mama," nikasema.

"Nani amesema nimekupa wewe? Nimempa mwanangu. Wewe ukishike tu. Na usiingize takataka."

Tulikaa Kinampanda kwenye jiko langu la udongo, na baada yake kwenye nyumba ya mwalimu, na nikazaa, nikaitwa mama wa mtu. Kwa miaka ile yote neno la sista nilikuwa nalo tayari mdomoni. Kila mume wangu alipokohoa nililisema moyoni: huyu hapatani na penisilini. Nilikuwa nimelihifadhi kama mwanamke anavyohifadhi kanga ya sikukuu. Lilikuwa langu. Ni mimi niliyekuwepo lilipotamkwa.

Siku moja, habari za Uhuru zikiwa bado za mikutanoni tu, mume wangu alishikwa na kichomi, homa kali, hawezi kuvuta pumzi. Mama mkwe alikuwa amekuja na shemeji kumwona mjukuu. Nilikuwa mtoni nafua, mtoto mgongoni. Walipokuja kuniita, shemeji na walimu wenzake walikuwa wamekwisha kumbeba kwa machela kwenda hospitali, na mama mkwe amekwenda nao. Nilikimbia njia yote ile nikilirudia neno langu kwa sauti, mtoto analia, nguo mbichi begani, nikiogopa sindano imenitangulia.

Nilipoingia wodini sikuweza kusema, nilikuwa nahema. Mganga alikuwa amesimama na sindano tupu mkononi, na kati yake na kitanda alisimama mama mkwe, mfupi, ameshika nguzo ya kitanda kwa mikono miwili.

"Tulia, mama," mganga aliniambia. "Mama yake ametueleza yote. Hatumchomi penisilini. Tunampa vidonge vya salfa."

"Nimewaambia mguu," mama mkwe akasema, "nikawaambia na uso."

Nilisimama pale, mume wangu hai, neno langu la miaka yote limekwisha kusemwa na mtu mwingine, na nikamwonea wivu. Nikamshukuru Mungu pia, kwa machozi. Vilikuja pamoja, na sikuweza kukitoa kimoja bila kingine.

"Kaa upande huo," aliniambia. "Huku nimekaa mimi."

Nikakaa upande huo. Siku ile homa ilipomwachia, ilikuwa Jumapili. Nilimwosha uso, nikatoa kibuyu changu, nikampaka midomo iliyopasuka. Mama mkwe alinitazama kutoka ng'ambo ya kitanda. Viganja vyake vilikuwa vimepauka kwa kukaa hospitali. Akavitazama. Kisha akavikinga kuelekea kwangu, akiangalia dirishani.

Nikammiminia. Alileta viganja puani kwanza, akanusa kwa muda mrefu.

"Humu hamna kitu?" akauliza.

"Hamna, mama. Samli tu."

Akanusa tena, ndipo akajipaka.